Siku Niliyoshuka Kwenye Kiti cha Kompyuta

Kompyuta ilipofika ghalani kwetu Ubaruku, tajiri wetu, Mhindi mwenye duka Mbeya mjini, aliituma pamoja na fundi kutoka Iringa. Fundi akaingiza humo gunia zote za wakulima, akatengeneza na kitufe cha kutoa karatasi ya getini. Bila karatasi hiyo mlinzi wetu haruhusu gunia kutoka, hata ungekuwa mama yake mzazi.

Fundi akauliza, "Nani nimpe ruhusa zote? Huyo ndiye atabadilisha, atafuta, na atawapa wengine ruhusa."

Wote wakaniangalia mimi. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ng'ombe. Pale kazi yangu kufagia na kupanga gunia, ila kwa umri mimi ndiye mkubwa. Karani wetu, binti wa Kinyakyusa aliyesoma mpaka vitabu vikaomba maji, akasema, "Mzee yupo, mimi nitakaaje juu yake?"

"Kompyuta haijui umri," fundi akasema.

"Basi ijifunze," nikamjibu.

Nikapewa zote. Karani akapewa kuangalia tu, kama mtu asiye na hela mbele ya bucha. Kila mkulima akija, naitwa, naweka ufagio chini, naandika paswedi kwa kidole kimoja. Kidole chenyewe kinene, nikigusa herufi moja zinaitika tatu. Paswedi ikikubali, maharage yameshaiva.

Asubuhi moja akaja mama mmoja wa Kisukuma, wale waliohamia huku Usangu na mifugo. Alifuata gunia zake mbili za mbegu ya mpunga. Zilitakiwa zilowekwe siku hiyo hiyo, maana zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa karibu, na ikimpita, msimu umemwacha.

Nikakosea paswedi mara ya kwanza. Nikakosea ya pili.

"Baba," mama akasema, "unaandika au unapalilia?"

Ya tatu ikakubali. Ningebonyeza kitufe cha karatasi yake yangeisha pale pale, lakini aibu ilishanipanda kichwani. Nikamwambia karani, "Binti, leo nakuachia kiti. Nielekeze."

"Bonyeza kwanza jina langu, baba, unipe ruhusa zote."

"Ngoja. Kwetu mtu hakalii kiti kabla mwenzake hajasimama."

"Baba, usi—"

Nikabonyeza jina langu, nikajivua ruhusa zote, kwa heshima kabisa, nusura nivue na kofia. Halafu nikaenda kwenye jina lake. Kompyuta ikaandika: huna ruhusa. Karani akajaribu yeye: huna ruhusa. Ghala zima likawa halina mkubwa.

Tukampigia fundi Iringa.

"Kamwene, mzee," akanisalimia kwa Kihehe. Nikamweleza. Akasema, "Mzee, umefunga mlango ukiwa nje, funguo umeziacha ndani. Mpaka nije mwenyewe. Kesho."

"Mbegu yangu haingoji basi la Iringa," mama akasema, na safari hii hakutania.

Nikabeba gunia moja, karani na mama wakaburuta la pili, mpaka getini. Mlinzi akanyoosha mkono. "Karatasi."

"Kompyuta imekataa. Mkosaji ni mimi."

"Mimi siijui kompyuta, mzee wangu. Tajiri akiuliza gunia ziko wapi, nimwonyeshe nini?"

"Mwonyeshe mimi. Gunia zitoke, mimi nakaa hapa mpaka fundi aje."

Mlinzi akanipima kama mpunga wenye unyevu. Kisha akafungua geti. Mama akapakia mbegu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaondoka mbio, hata kuaga alisahau, na mimi nikafurahi alivyosahau.

Mlinzi akachukua daftari lake, akaandika taratibu huku anajisomea kwa sauti: "Zimetoka gunia mbili. Amebaki mzee mmoja, hali nzuri, hana ruhusa yoyote."