Taa za Zebra Zilivyonianika

Ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo mnicheke nyinyi. Juzi niliomba ruhusa kazini nikamzike shangazi yangu Kisarawe. Shangazi huyo hayupo, nilimtunga. Nilitaka tu siku nzima ya saluni hapa Maili Moja.

Nikatoka saluni na misuko mipya mpaka kwenye zebra iliyofungwa taa za tahadhari. Ukibonyeza kitufe, taa za njano zinawaka na kuzima, magari yanasimama. Nikabonyeza. Hata malori yakanitii! Nikavuka kwa madaha kama bibi harusi, nikiwapungia madereva mkono. Utamu ukanizidi. Nilipofika ng'ambo nikabonyeza tena, nikaanza kurudi kwa maringo zaidi.

Katikati ya barabara nikasikia jina langu linaitwa. Gari la mbele kabisa lilikuwa la ofisini kwetu. Ndani wamebanana wafanyakazi wenzangu, wanawake wote wamejitanda khanga, mfuko wa mchele uko magotini. Bosi wetu, Mama Halima, akashusha kioo taratibu.

"Pole na msiba, mwanangu," akasema. "Ndiyo tunakwenda kwenu Kisarawe. Panda utuoneshe njia."