Shamba la Sita

Shamba la mama lilikuwa la sita, la mwisho kwenye bomba. Bamia zake zilikuwa zimeanza kutoa maua, na kwa jua la Kibwezi, maua yakikosa maji huanguka na msimu umekwisha.

Mimi ndiye niliyeandika programu ya kufungua vali za mashamba sita ya kikundi chetu, kila moja kwa zamu yake. Vali zenyewe zilifanana kabisa. Ningeweza kuandika funksheni moja, yaani maagizo yanayoandikwa mara moja tu, kisha kwa kila shamba nitaje namba yake. Lakini nilikuwa na haraka, na kiburi pia. Niliandika maagizo ya vali ya kwanza, nikayanakili mara tano na kubadilisha namba.

Jua lilipozidi, kikundi kilikubaliana dakika kumi za maji ziwe ishirini. Nilibadilisha jioni hiyo hiyo, nikijisifu kwa wepesi wangu.

Siku ya tisa mwenyekiti alinikuta kwenye kibanda cha pampu, akanishika mkono. "Wewe ni mtu wa haki," akasema. "Tulidhani utapendelea mama yako. Kumbe sisi umetuongezea, yeye ukamwacha na zile kumi."

Nilifungua kompyuta, yeye akichungulia begani. Ishirini, mara tano. Chini kabisa, kumi.

Niliona aibu kumwambia kwamba sikukusudia. Nilifuta yote, nikaandika funksheni moja ya vali zote. Niliisoma mara mbili, maana sasa kosa moja lingenyima maji mashamba yote. Tukajaribu. Ya kwanza ikafunguka, ya pili, hadi ya tano. Ya sita sikuisikia, iko mbali. Nikakimbia.

Mama alikuwa amepiga magoti kati ya mistari, akiokota maua makavu na kuyatia kwenye leso. Mipira ya maji ilikuwa mikavu. Nilisimama nikiitazama mpaka tone la kwanza likadondoka.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilijua hutaki watu waseme unapendelea mama yako. Nikanyamaza nisikuharibie."

Ningeweza kumwacha aamini hivyo. Nilitamani sana kumwacha.

"Sikupanga, mwaitu. Nilisahau shamba lako."

Aliokota maua mengine mawili, akafunga leso fundo.

"Afadhali ungekuwa umepanga," akasema.