Kanyuki ka Wanja, na Macho Yaliyokataa Kulia

Mwanzo wa hii habari, mujukuu wangu Uwamwezi njo alinielezea, mwaka juzi, siku alinifikia hapa camp ya wakimbizi ya Kashuga bila viatu. Mwisho wake hakuna mwenye alinielezea. Nilikuwamo.

Bibi ya marehemu alifukuzwa kwenye kilio cha bwana yake kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri.

Ndiyo. Umesoma vizuri.

Uwamwezi alikuwa anapamba bibi-arusi kule Mubi, kwenye barabara ya migodi. Alikuwa anakaa kwa Papa Omer, mucommerçant wa Butembo mwenye duka ya simu. Mubi ni moto za kubeba watu, camions za mizigo na muziki tu. Lakini watu wanaoana, vita ao hapana.

Shida ilikuwa moja.

Kwetu, bibi-arusi akiacha wazazi lazima alie. Asipolia, wamama wa bukwe, wa arusi, wanaangaliana: "Huyu alikulia wapi?" Basi wanalia, na wanja inashuka. Inashuka kwenye mashavu, inashuka mpaka kwenye robe nyeupe ya kukodi. Mwenye robe anapiga kelele kuliko wazazi.

Uwamwezi akapika wanja yake: masizi ya sufuria na nta ya nyuki. Maji haiiwezi. Lakini ilikuwa nzito sana. Ukipaka na mukono, inashika kope mabonge mabonge.

Njo akatengeneza mashini.

Ndani ya simu iliyokufa alitoa kale kadude kanatetemeshaka simu mufukoni. Akakafunga kwenye bic isiyo na wino, pamoja na pile, betri moja ya saa ya ukuta na butoni ya toroshi. Mbele, kaburosi ka wanja.

Ya kwanza ilikuwa balaa. Motere iliwekwa karibu na burosi, ikaruka-ruka, ikachora binti ya watu mpaka kwenye sikio.

"Dada," binti akauliza, "ulikuwa unanipamba ao ulikuwa unanilima?"

Akairudisha nyuma. Sasa vidole vyake njo vikakufa ganzi.

Akakata mousse ya kambambili, ile sponji laini ya ndala, akaizungusha pale pa kushikia, juu yake mupira wa kinga. Kutetemeka kukabaki mbele tu, kadogo, kama nyuki anaingia kwenye ua. Wanja ikawa inatembea mpaka chini ya kope, moja moja.

Akaita ile kitu Kanyuki.

Papa Omer alicheka mpaka akakaa chini. "Uwamwezi! Simu zinakufa kwangu, wewe unazifufua kwenye macho ya watu!"

Kisha binti yake mwenyewe, Aimée, akapata muchumba. Jules, mutoto wa hapa Kashuga, anaendesha moto. Mama yake ni Mama Thacienne, tulilima naye kilima kimoja kabla ya vita.

Wakamusindikiza bibi-arusi mpaka Kalembe, kwenye njia ya kuja Kashuga. Wakalala pale. Asubui Uwamwezi akamupamba, Aimée akakumbatia baba yake, akalia mpaka watu wakahurumia.

Uwamwezi akainua kioo.

"Haikutoka!"

"Hata kidogo?" Aimée akauliza.

"Hata kidogo, dada. Lia tena kama unataka!"

Wakacheka wote. Papa Omer akarudi Mubi. Moto zikaondoka, Jules, mwenye alikuja kumuchukua, akiwa mbele.

Kisha, kwenye kona ya kutoka Kalembe, risasi.

Sitaandika zaidi. Wenye waliisha kuona wanajua. Wenye hawajaona, Mungu awaache hivyo.

Kila muntu alikimbia kivyake. Uwamwezi na Aimée walijificha ndani ya mutama. Aimée alilia mpaka sauti ikaisha. Kisha wakanawa matope kwenye kamuto kadogo ka maji, wakatembea na miguu mpaka huku.

Maiti ya Jules iliwatangulia. Wanaume waliibeba kwenye tipoyi, machela ya miti. Kilio kilikuwa kimeanza, mimi nikiwa katikati, kwa sababu kwenye vilio vya Kashuga mimi njo ninaanzishaka. Wananiitaka: Mama Emérita, kuja utuanzishie.

Aimée akaingia.

Watu wote macho mekundu, nyuso zimevimba. Yeye uso safi, wanja nyeusi, imechorwa vizuri kama picha.

Mama Thacienne akanyamaza kulia.

"Wewe umetoka kulilia nani, na macho ya vile?"

"Mama, nimelia mpaka—"

"Wanja iko mahali pake! Hata alama moja! Mutoto wangu amefunikwa kikwembe, wewe uko umepambwa!"

Evode, ndugu ya baba ya Jules, akasimama. "Wale bantu wa kwa kona, wenye bunduki, walijua saa ya kupita. Nani aliwaambia?"

Wakati wa vita, ukisikia ile swali, anza kutafuta njia.

Uwamwezi akatoa Kanyuki mufukoni. Watu wakaona nyuzi, wakafikiri ni bomu, wakarudi nyuma.

"Papa Evode, ni hii. Wanja yake haitokake na machozi. Muniache niwaonyeshe. Nijipake mimi."

"Hapana, wewe ni mwenzake. Paka muntu wetu. Akilia na haitoke, Aimée atakaa, atamwaga udongo kwenye kaburi ya bwana yake. Ikitoka, mutoke na yeye."

"Anipake mimi," nikasema.

Wote wakakubali. Nani analiaka kunishinda?

Nikakaa kwenye kiti. Kanyuki kakalia karibu na jicho langu, nikasikia mpaka kwenye meno. Wanja yangu ya kwanza, na kichwa cheupe hivi.

"Haya," Mama Thacienne akasema. "Mulilie Jules."

Nikatafuta machozi.

Nikafikiri Jules akiwa mudogo, anaiba mahindi yangu. Hakuna. Nikafikiri watoto wangu, Valens na Mbonigaba, wenye niliacha kwenye udongo wa Kalembe. Hakuna. Nikatoa sauti, ile sauti yangu ya siku zote. Sauti ilitoka. Maji, hapana.

"Lia basi, Mama!"

"Ninalia!"

"Uko unaimba," Mama Thacienne akasema polepole. "Uliimba hata kwenye kilio cha bwana yangu?"



Evode akatuonyesha njia na mukono. "Munaona? Na huyu walimununua."

Tukatoka watatu. Nyuma yetu walianza kuinua jeneza.

Mvua ikaanza. Katika kanyumba ketu ka bashi, ka turubali, Aimée akavua viatu vyake vya arusi, vimejaa matope. Akavishika mbele ya mulango.

"Koko," akaniambia na adabu yote, kama nyanya yake, "niweke wapi, nisichafue kwenu?"

Njo machozi yalikuja.

Yalikuja kama yaliyofungiwa miaka. Uwamwezi akaruka na kioo.

"Koko! Angalia! Haikutoka! Twende, mbio!"

Tukakimbia inje, mimi na uzee wangu, uso umelowa, nimeufunika na kitambaa mvua isiuguse.

Wanaume walikuwa wanashuka kilima cha makaburi. Majembe kwenye mabega, udongo mwekundu kwenye miguu.

Evode alikuwa mbele. Nikaondoa kitambaa. Akaniangalia usoni, machozi na wanja. Aliona. Ninaapa, alielewa.

Akainamisha kichwa, akapita.

Neno langu ni moja: musipime uchungu wa muntu kwenye uso wake. Leo, mwenye anakuja kwenye kilio na macho makavu, ninamupisha akae pembeni yangu. Na mimi siitwi tena kuanzisha.

Tulirudi ndani. Uwamwezi akatoa pile kwenye Kanyuki, akaipa jirani mwenye radio, akajifunika kichwa, akalala kukiwa bado mwangaza.

Aimée alibaki anaangalia bashi. Nilimushika muguu mpaka macho yake yakafunga. Kope zake zilikuwa nyeusi bado, moja moja, tayari kwa arusi.

Viatu nikaviweka karibu na kichwa chake.

Kisha na mimi nikalala.