Ngazi ya Watumishi

Mwezi uliopita nilirudi Louisville kwenye harusi, nikapita kwenye ile nyumba ambamo mama alimtunza bibi mmoja mzee. Ungeiona ungedhani imehamishwa nzima kutoka mashambani Uingereza: matofali mekundu, mbao nyeusi zilizopishana juu ya kuta nyeupe, madirisha ya vioo vidogo vidogo, dohani ndefu za moshi juu ya paa.

Nilikuwa mtoto, tumetoka kambi ya wakimbizi Tanzania juzi juzi tu. Shule zikifungwa, mama alikwenda nami kazini. Nyumba ile niliiogopa. Kambini ukikohoa, jirani anakupa pole kutoka ng'ambo ya ukuta wa udongo. Humu kuta zilivikwa mbao mpaka darini, zikinuka nta, na ukiita, sauti inamezwa. Kilichonitisha zaidi ni mlango uliofichwa ndani ya mbao hizo. Nyuma yake palikuwa na ngazi nyembamba, isiyo na dirisha, waliyopita watumishi wa zamani wasionekane na wageni. Mama akinituma mashuka kupitia humo, nilishuka nikiimba pambio kwa nguvu.

Alasiri moja mbingu ikageuka kijani. King'ora cha kimbunga kikalia mtaa mzima. Mama akasimama katikati ya chumba cha bibi, hasogei, macho yamerudi Burundi, siku aliyokimbia vita.

"Nenda chini na mtoto," bibi akamwambia kutoka kitandani. "Mimi siwezi kutembea."

Dirisha kubwa la ngazi ya mbele likapasuka. Hapo mama akashtuka, akavua kitenge, akamfunga bibi mgongoni kama mtoto mchanga.

"Tangulia. Fungua ule mlango."

Ndani giza totoro. Nilipapasa ukuta, nyuma yangu mabega ya mama yakikwaruza pande zote mbili. Katikati nyumba ikatikisika kwa mshindo. Nikaganda.

"Mama, sioni!"

"Shuka, mwanangu. Shuka tu."

Tulipotoka chumba cha chini ya ardhi, ambako ngazi ile iliishia, dohani moja ilikuwa imetoboa paa, matofali yamejaa juu ya kitanda cha bibi. Mama akaketi sakafuni, akalia. Bibi akamshika kichwa, akambembeleza.

Bibi alishafariki. Nyumba wameigawa vyumba vya kupangisha, mbao zimepakwa rangi nyeupe, na ngazi ile wameiziba. Nilimpigia mama, ambaye sasa yuko Buffalo, nikamweleza, pamoja na jinsi nilivyoogopa siku ile.

"Ulidhani sikuogopa?" akasema. "Nisingekuwa na yule bibi mgongoni, ningebaki pale pale nimesimama."