Mwalimu Aliyetuuzia Jua

Tulipokuwa kidato cha tano, Sumbawanga ilikuwa na baridi ya kweli, si hii ya leo ambayo vijana wanaivalia koti la kupigia picha. Mwezi wa saba wino uligoma kutoka kwenye kalamu. Uji wa ulezi ulikwisha, nasi tukaendelea kukumbatia vikombe.

Ndipo akaletwa mwalimu wa Uchumi kutoka Mbeya, Mwalimu Mwaipopo, mwembamba, mwenye tai moja tu. Alitukuta tukikariri maana ya uhaba kama rozari, bila kuelewa kitu. Asubuhi moja akachukua chaki, akazungushia mstari pale jua lilipoangukia sakafuni, padogo kama mkeka wa watu wanne. Akatangaza kwamba hiyo ndiyo bidhaa, na anayetaka kuota jua ainunue kwa alichonacho.

Tulicheka, kisha tukanunua. Mwanzoni bei ilikuwa kiganja cha karanga. Wiki iliyofuata waliotangulia kununua wakawa wanapangisha, ukamfulia mwenzako mashati na kumchotea maji ndipo uote jua kipindi kimoja. Mimi nilitoa hindi zima la kuchoma, na dakika ileile likaja wingu. Mwalimu akafurahi mno, akasema hiyo inaitwa hasara, niandike.

Tatizo jua halitulii. Lilisogea, na kule lilikokuwa likielekea palikuwa na mwenyewe. Skolastika, binti mkimya wa wakulima wa Kasense, alikuwa ameshanunua sakafu yote ya upande ule kwa karanga chache, wakati bado ni kivuli kitupu. Saa tatu jua likamfikia, akawa tajiri. Wavulana wenye ndevu wakaanza kumwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kutabasamu.

Habari zikafika ofisini kwamba darasa letu linauza sakafu ya serikali. Mkuu wa shule akaja mwenyewe, akasimama katikati ya jua, akamwambia Mwalimu Mwaipopo afungashe, kesho atahamishwa. Mwalimu akainamisha kichwa. Tulikuwa tumeanza kumpenda.

Skolastika akainuka, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao.

"Shikamoo, Mkuu. Samahani, hapo uliposimama ni kwangu."

Mkuu akautazama mstari wa chaki, akatazama viatu vyake vilivyolowa umande. Tulisubiri viboko. Badala yake akauliza taratibu, "Unapangisha kwa kiasi gani?"

"Mwalimu wetu abaki," akasema Skolastika. "Wateja ni wengi, Mkuu. Siwezi kupunguza."

Mkuu akafikiri, akavuta kiti, akakaa juani mpaka kengele ikalia. Mwalimu alibaki. Mtihani ulipokuja tuliandika mpaka karatasi zikatuishia.

Juzi nilimuuliza mwanangu, naye anasoma Uchumi, uhaba ni nini. Akajibu ni bando kuisha, macho yake hayakutoka kwenye simu. Jibu si baya. Michoro yake ya bei ni mizuri kuliko yetu. Ila anajifunza peke yake, mlango umefungwa, hana wa kumbishia. Sisi tulisukumana viwiko na kuitana wezi, jioni tukala ugali kwenye sinia moja. Nilisimama mlangoni mwake kitambo, nikitamani kumgombeza kwa jambo lolote, ili tu tuongee.