Mistari Miwili Myekundu ya Gari la Baba

Nikisikia harufu ya mafuta ya kokwa za mchikichi, yale meusi ambayo mama zetu huwapaka watoto baada ya kuoga, huacha nilichokuwa nacho mkononi. Wengine harufu hiyo huwakumbusha bibi zao na jua la asubuhi uani. Mimi hunirudisha kwenye ubavu wa kulia wa gari la baba, na jambo ambalo sijawahi kulisimulia lote.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amerudi Kasongo, mji wetu wa mashariki ya Kongo, kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Alirudi na gari bovu alilolifufua mwenyewe, na vidole viwili vya mkono wa kulia alikuwa ameviacha huko chini ya jiwe. Aliapa mbele ya mama kwamba harudi tena shimoni. Kisha zahanati moja ya mjini ikatangaza kwamba inatafuta gari la kuwachukua wajawazito vijijini, njia ya Kabambare. Muuguzi mkuu, mama mrefu asiyecheka ovyo, ambaye mji mzima ulimwita mama muganga, alitoa sharti: kila ubavu uwe na mistari miwili ya plastiki nyekundu ya kunata, iliyonyooka, isiyobanduka kwa mvua wala matope, ili gari lijulikane tangu mbali kwenye vizuizi vya askari barabarani. Jumatatu angekagua. Waliotaka kazi walikuwa wawili, baba na dereva mwingine. Nyumbani hakuna aliyehitaji kuelezwa: ni kazi hii au Salamabila.

Mkono wa vidole vitatu haushiki vizuri wembe wa kukatia plastiki. Mimi nilikuwa mtoto wa kufuta na kuchora upya mstari wa daftari hadi karatasi inatoboka. Baba akaniambia, "Mama, kazi hii iko yako." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake, Zaina.

Sokoni kulikuwa na roli mbili za ile plastiki. Moja iling'aa kama karatasi ya peremende, na baba aliipenda mara moja. Nyingine ilikuwa nene, nyekundu ya kufifia kidogo. Nikazivuta zote mbili pembeni kwa kucha. Ya kung'aa ikavutika na kubaki imelegea. Ile nene ikakataa kuvutika. Nikachagua nene. Muuzaji akacheka, akamwambia baba kwamba mtoto huyu ana jicho la mzee, kisha akanieleza namna ya kufanya: osha, kausha, futa kwa petroli mpaka kitambaa kitoke safi, usiguse tena kwa mkono.

Upande wa kushoto nilifanya hivyohivyo. Nilivuta uzi kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, nikapiga chaki, nikabandika shibiri kwa shibiri, nikisukuma hewa nje kwa kipande cha ndara. Mistari ikatoka kama imezaliwa na gari. Majirani walikuja kutazama. Sikuwa nimewahi kuwa na furaha kama ile, wala sijaipata tena.

Ila petroli ilikuwa imekwisha, na ubavu wa kulia, ule unaopigwa na jua, ulikuwa umepauka. Pande mbili hazikufanana, na mimi sikuweza kuvumilia hilo. Kwetu kitu kinachokwenda kutazamwa hupakwa mafuta: mtoto, viatu, ngoma, hata baiskeli ya bwana harusi. Nikachukua chupa ya mama ya mafuta yale meusi. Nikapaka mlango kwa mlango mpaka rangi ikarudi, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikabandika. Ilishika. Ilipendeza kuliko kushoto.

Jumapili mchana niliona pembe moja imeinuka, ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Nikaibonyeza kwa dole gumba. Ikashika, kisha ikainuka tena. Roli ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, baba alikuwa amekaa barazani, na jua lilikuwa bado juu. Neno moja lingetosha. Sikulisema, kwa sababu alikuwa amewaambia majirani kwamba mikono yangu haikosei.

Jumatatu tulipita madimbwi yote ya mji. Kwenye ua wa zahanati muuguzi alianza na kushoto. Alipitisha kidole juu ya mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Akamwomba baba ageuze gari.

Mstari wa juu ulikuwa unaning'inia kuanzia mlangoni hadi gurudumuni, umebeba matope. Wa chini ulikuwa umejikunja. Waendesha pikipiki waliokuwa langoni hawakutuonea huruma. "Papa, upande ule iko ambulansi," mmoja alisema, "upande huu iko gari ya harusi."

Muuguzi hakucheka. Aligusa bati, akanusa kidole chake.

"Papa Zaina, nani alipaka hapa mafuta?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Baba hakunitazama.

"Ni mimi, mama muganga. Nilitaka ing'ae."

Muuguzi akamjibu taratibu kwamba mtu wa kubeba wajawazito hapaswi kuongeza vya kwake juu ya alichoambiwa. Gari la yule dereva mwingine likachukuliwa. Alhamisi baba aliondoka kwenda Salamabila. Hakunilaumu, wala mafuta hayakutajwa tena nyumbani.

Leo kazi yangu ni hiyo: nabandika mistari kwenye pikipiki na magari hapa Kasongo, na kila bati nalifuta mara tatu. Mwaka jana yule muuguzi, sasa amestaafu, aliniletea pikipiki ya mwanawe. Nikamwambia ukweli, kwamba pande zote mbili zilikuwa kazi yangu. Akaweka mkoba wake chini.

"Mutoto ndiye alifanya ile ya kushoto?" Akavuta kigoda, akakaa. "Niliuliza sababu nilitaka kujua. Mukono ile ningeipa siku mbili irudilie ubavu ya kulia."

Kwa miaka mingi nilidhani nimeelewa: baba alinipenda, akanifichia aibu. Ni kweli. Lakini uongo wake ulihitaji kinywa changu kifungwe ndipo ufanye kazi, na mimi nilikifunga kwa hiari. Alinikinga na swali ambalo lilikuwa limekuja kutuokoa.

Baba bado yuko Salamabila. Hupiga simu Ijumaa baada ya swala. Ijumaa iliyopita alisema shimo limeingia maji, na kwamba kifua kinamsumbua. Nikafungua kinywa nimwambie alichosema muuguzi. Kisha nikamwuliza kama amekula.