Mama Mkwe Kwenye Lango la Kamanda

Wiki ile askari wa doria wa nchi jirani walipomkamata kaka yangu ziwani, mimi nilikuwa darasani Kombewa nikifundisha habari za maofisa wa mfalme wa China. Mabwana hao, zamani, walimnasa Mchina mwenzao katikati ya London, wakamfungia ndani ya ubalozi wao ili wamsafirishe kimyakimya akauawe kwao. Magazeti yalipopiga kelele na serikali ya Uingereza ikakunja uso, wakamwachilia. Niliipenda sana hadithi hiyo. Ilinifanya niamini kwamba serikali ikiamua kukunja uso, mtu hurudi nyumbani.

Kaka yangu ana ugonjwa wa sukari. Alitoka alfajiri kutafuta samaki aina ya mbuta na hakubeba dawa, maana alitarajia kula mchana kwake. Wavuvi wenzake walisema alivutwa kutoka upande wetu. Askari wa kule wakasema ni yeye aliyevuka. Ziwa halina ukuta, kwa hiyo kila mtu aliuona mpaka pale alipoutaka. Mimi nilichokiona ni dawa yake juu ya kabati, nikaitia mkobani.

Nikaenda Kisumu kwa ofisa anayeshughulikia mambo ya mipaka. Nikamweleza yote, na ili kumtia moyo nikamtajia maofisa wa China. Hapo ndipo aliposhika kalamu.

"Madam, kwani Wachina wako kwa hii maneno?"

"Hapana, huo ni mfano tu."

"Lakini wako."

"Walikuwako. London. Zamani."

"Sawa. Tutafuatilia."

Wakafuatilia kweli. Kesho yake mhandisi Mchina anayejenga barabara yetu aliitwa kikaoni. Aliketi na kofia yake ngumu magotini, akapewa soda, akaombwa kwa heshima zote aiambie nchi yake imwachilie mvuvi wetu. Maskini akamaliza soda, akatuombea heri, akarudi kwenye lami yake. Ujumbe rasmi ukavuka mpaka, ukala samaki na wenyeji wake, ukarudi na habari kwamba mazungumzo yalikuwa mazuri. Nikauliza kama wamemwona kaka yangu. Wakasema hatua hiyo bado.

Maji yalipozidi unga, nilimwendea shangazi yangu, dada ya marehemu baba, ambaye kwa Kijaluo namwita waya. Binti yake ameolewa ng'ambo, na mumewe ndiye kamanda wa kituo alikofungiwa kaka. Ujumbe haukujua hilo kwa sababu haukuuliza. Sisi tulijua tukanyamaza, kwani kwetu mama mkwe, yaani maro, hakanyagi alipo mkwewe hivi hivi. Hungoja aalikwe na kuchinjiwa. Kabla ya hapo wakikutana, mkwe hapiti mbele yake, hali mbele yake, na macho huyaficha. Mama anayejipeleka mwenyewe humvua nguo bintiye mbele ya wakwe. Binti wa shangazi alikuwa bado hajamwalika.

Shangazi alinisikiliza, kisha akajifunga kitambaa kichwani.

Tulifika kituoni asubuhi. Akaketi chini langoni, miguu ameinyoosha, macho kwenye mlango wa ofisi. Askari akamuuliza shida yake.

"Sina shida, baba. Ambia mkwe wangu maro yake amefika."

Ofisi ile ilikuwa na mlango mmoja tu. Kuanzia hapo waliofungwa walikuwa wawili. Chai ya kamanda ikaja, ikapoa dirishani. Chakula chake kikapelekwa, kikarudi kama kilivyokwenda. Askari wake waligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Jua lilipopinduka mmoja akatoka mbio.

"Mama, afande anasema chukua mtu yako. Anaomba tu ugeuke uangalie kule ng'ambo kidogo, yeye apite aende choo."

Shangazi akageuka. Kaka akaletwa amekonda, midomo imekauka, viatu mkononi. Nilimpa dawa pale pale, nikalia bila aibu.

Wiki hiyo hiyo wakubwa walikuja ufukweni kwetu wakiwa wamevaa maboya ya kuokolea, ingawa hakuna aliyepanda mashua. Walishukuru diplomasia ya utulivu. Waliishukuru na China. Mmoja akauinua mkono wa kaka kama bondia aliyeshinda, watu wakapiga makofi. Shangazi alikuwa nyuma, amekaa juu ya kipande cha mtumbwi mbovu, na hakuna aliyemtaja.

Simu ya bintiye iliingia makofi yakiendelea. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Mama, umeniaibisha kwa nyumba yangu. Sasa wananicheka hata mbele ya watoto. Watoto hawatakuja Desemba. Na wewe usikuje tena."

Simu ikakatika. Shangazi hajawahi kukanyaga nyumba ya binti yake, na sasa hataikanyaga. Nilianza kumwomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono.

"Ndugu yako amekula leo?"

"Amekula, waya."

"Mpikie na kesho," akasema, akaendelea kuishika ile simu.